Kusumbuliwa na kubaguliwa chuoni: hatua za kufuata tangu siku ya kwanza hadi uamuzi

Kila muhula unapoanza naulizwa maswali yale yale. Nianzie wapi? Nani ataniamini, na tulikuwa wawili tu ofisini? Nikifungua mdomo, si nitafelishwa mtihani? Wanaouliza ni wasichana kwa wavulana, wa mwaka wa kwanza hadi wa uzamili, na mara nyingine ni mhadhiri kijana anayesumbuliwa na mkuu wake wa idara. Nimeketi miaka kadhaa kwenye kamati ya chuo inayosikiliza malalamiko, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo natamani kila anayekuja mbele yetu angekuwa anayajua wiki tatu kabla.

Malalamiko mengi ya kweli niliyoyaona yakianguka yaliangushwa na tarehe. Namkumbuka mwanafunzi aliyekuja baada ya miezi minne. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na mimi kila neno lake nililiamini. Mwenyekiti akamuuliza ilikuwa lini. Akasema, "Mwezi wa pili... au wa tatu mwanzoni." Mlalamikiwa akaja na shajara yake ya kazi, safari na vikao vyote vimeandikwa kwa kalamu ya bluu, siku baada ya siku. Uamuzi ukatoka: ushahidi hautoshi. Yule binti alikuwa anasema kweli, ila hakuwa na daftari.

## Kama umeingiliwa kwa nguvu au umeumizwa, anza hapa

1. Ondoka hapo ulipo, nenda kwa watu unaowaamini.

2. Nenda hospitali leo hii. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kusaidia hadi saa 120, yaani siku tano, navyo ni bora mapema.

3. Ikiwezekana usioge wala usibadilishe nguo kabla daktari hajakuona. Kama umeshabadilisha, weka kila nguo kwenye mfuko wake wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu, nguo huota ukungu na vielelezo huharibika. Kama umeshaoga, nenda vilevile.

4. Polisi na chuo watafuata. Kama kuna fomu ya kujazwa, itajazwa. Usikubali ikucheleweshe kupata dawa.

Chuo kinaweza kumfukuza mtu, lakini hakina uwezo wa kumfunga. Yeyote atakayekwambia "tusifike polisi, tuyamalize hapa hapa ndani" anawaza jina la chuo, si wewe.

## Ni mambo gani yanayohesabika

Hapa nitakuwa mfupi. Ubaguzi ni kutendewa vibaya kuliko wenzako, au kunyimwa unachostahili, kwa sababu ya jinsi ulivyo: jinsia, kabila, rangi, dini, ulemavu, ujauzito, utaifa, hali ya afya. Unyanyasaji ni maneno, vitendo, picha au ujumbe usioutaka, unaokudhalilisha au kukutia hofu. Rushwa ya ngono ni pale mwenye madaraka anapoutaka mwili wako ili akupe, au asikunyime, maksi, sahihi, nafasi au chumba. "Nilikuwa natania" si utetezi. Kinachoangaliwa ni kilichotendeka na kilivyokuathiri.

Usidhani ni mambo madogo ya ndani ya chuo. Mkataba wa UNESCO dhidi ya ubaguzi katika elimu ni wa mwaka 1960. Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ibara ya 12, inazitaka nchi zilizoiridhia ziwalinde wanawake na wasichana dhidi ya unyanyasaji wa kingono kwenye taasisi za elimu na kuwaadhibu wanaoufanya. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 2019 unawataja hata walio kwenye mafunzo ya kazi, kwa hiyo aliye mafunzo kwa vitendo asikubali kuambiwa "wewe si mfanyakazi wetu". Tanzania, sheria ya kupambana na rushwa ya 2007 imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamzungumzia mwenye mamlaka anayemtaka mtu tena na tena huku akijua hatakiwi. Hiyo "tena na tena" utaithibitishaje bila tarehe?

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo lililoshonwa, siyo karatasi zinazochomolewa.
- Barua pepe yako binafsi. Ile ya chuo inaweza kufungwa siku ukiihitaji sana.
- Simu yenye nafasi, na mahali pa pili pa kuweka nakala ambapo mwingine hafiki.
- Kanuni za wanafunzi za chuo chako na sera ya kupinga unyanyasaji, kama ipo. Maktaba, ofisi ya mshauri wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi huwa nazo.
- Kazi zako zilizosahihishwa na matokeo yako ya mihula iliyopita. Maksi zikiporomoka ghafla baada ya kukataa kitu, karatasi hizo ndizo zitakazozungumza.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza.

Hasira na machozi si kosa, lakini visikutume kwenye kundi la darasa kabla hujafika hatua ya pili.

## Hatua zenyewe

1. Andika leo, kabla hujalala.

Andika siku, saa, mahali, aliyekuwepo, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, alichofanya, ulichosema na kufanya wewe, na ulikoenda baada ya hapo. Mfano wa maelezo yanayosimama:

"Jumanne tarehe 14, saa 10 jioni. Ofisi ya msimamizi wangu wa utafiti, ghorofa ya pili. Nilipeleka sura ya tatu. Alifunga mlango kwa ufunguo. Akasema: 'Hii sura inaweza kupita leo leo, inategemea na wewe.' Akaniwekea mkono begani, nikautoa. Nikasema naomba niende. Nilitoka kama saa 10 na robo. Kwenye korido nilikutana na mwenzangu wa darasa, akaniuliza mbona nalia. Nimeandika haya saa 3 usiku, siku hiyo hiyo."

Yasome tena. Hakuna mahali palipoandikwa "ni mtu mbaya" wala "anajulikana kwa tabia hiyo". Kuna mlango, ufunguo, sentensi moja ya msimamizi, na mtu wa kwenye korido. Huyo wa korido hakuona tukio, lakini aliona machozi na anajua ilikuwa saa ngapi. Kamati humsikiliza sana mtu wa namna hiyo, na wengi hawamtaji kwa sababu wanafikiri shahidi ni yule aliyekuwa ndani tu.

Ukimaliza, piga picha ukurasa huo na ujitumie kwa barua pepe. Hapo umepata tarehe ambayo hakuna atakayesema umeibuni baadaye.

Makosa ninayoyaona hapa: watu hupamba maelezo, huchana ukurasa na kuandika upya "vizuri", au huacha sehemu zinazowaaibisha. Kama ulicheka kwa woga, andika ulicheka. Kama ulimjibu "sawa prof, asante" ili utoke salama, andika hivyo. Likija kutoka upande wa pili ukiwa umelificha, litayachafua hata yaliyo kweli tupu. Ukikosea neno, lipige mstari mmoja tu ili bado liweze kusomeka, kisha endelea.

2. Hifadhi ushahidi jinsi ulivyo.

Usifute ujumbe hata kama unakutia kichefuchefu. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe, na fungua wasifu wa mtumaji upige picha ya namba yenyewe, kwa sababu jina ulilomhifadhia simuni halithibitishi kitu. Chukua mazungumzo yote, pamoja na majibu yako. Picha iliyokatwa juu na chini huzaa swali: palikuwa na nini hapo? WhatsApp ina njia ya kutoa nakala ya mazungumzo yote na kuituma kwenye barua pepe, itumie.

Mtu akiwasha ujumbe unaojifuta, huwekwa ufutike baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Usisubiri. Chukua simu ya mwenzako upige picha skrini yako hapo hapo. Mtu akifuta alichotuma na kikabaki kile kialama kwamba ujumbe umefutwa, kipige picha nacho, pamoja na saa. Na simu yenyewe usiiuze wala kumgawia mdogo wako mpaka shauri liishe.

Tahadhari mbili. Kurekodi sauti kwa siri kunaruhusiwa kwengine na kukatazwa kwengine, basi uliza kituo cha msaada wa kisheria kabla. Na usijitengenezee mtego wako mwenyewe, eti unakubali kumfuata mahali alikokuita ili umnase. Kazi hiyo ina wenyewe, vyombo vya kupambana na rushwa, na hata wao hawamwachi mtu aende peke yake.

3. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, mapema. Mmoja anatosha. Mwambie lini, wapi, nini, na umwombe naye aandike alichosikia kwako na tarehe. Kumi wakijua, habari itamfikia mhusika kabla lalamiko halijaandikwa.

4. Tafuta mlango sahihi.

Majina hutofautiana: dawati la jinsia, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kitengo cha malalamiko, kamati ya nidhamu. Usome kanuni ukitafuta majibu ya mambo manne tu. Nani anapokea lalamiko? Kuna ukomo wa siku? Anayepokea akiwa ndiye mlalamikiwa au rafiki yake, linapelekwa kwa nani? Rufaa ni ndani ya siku ngapi?

Unaweza pia kwenda kuuliza bila kutaja jina la mtu: "Mwanafunzi akisumbuliwa na msimamizi wake, utaratibu ukoje?" Angalia jinsi utakavyojibiwa. Ofisa akikimbilia kuuliza "ni nani huyo?" kabla ya kuuliza kama uko salama, nenda kwenye mlango mwingine.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: usiri wa chuo una mipaka. Ofisa anaweza kuficha jina lako kwa wengi, lakini kwa kawaida mlalamikiwa lazima ajue anatuhumiwa nini ili ajibu. Muulize waziwazi kabla hujamwaga yote: "Nikikueleza, wewe unalazimika kumwambia nani?"

5. Amua unachokitaka. Kamati zote hukuuliza, na wengi hukaa kimya. Akome? Kazi yako isahihishwe na mtu mwingine? Ubadilishiwe msimamizi? Achukuliwe hatua za nidhamu? Akuombe radhi kwa maandishi? Unaweza kutaka zaidi ya moja. Kuna pia njia ya kuyamaliza kwa mazungumzo, nayo inafaa kwa mambo kama mzaha wa kikabila wa mwenzako ambaye huenda hajui umeumia kiasi gani. Kwa kushikwa mwili, vitisho au maksi kwa ngono, usikubali kuwekwa meza moja na mhusika "mpatane".

6. Mwambie hapana kwa maandishi, kama ni salama. Ujumbe mfupi unatosha: "Naomba mawasiliano yetu yawe ya masomo tu. Maneno uliyoniambia Jumanne sikuyapenda, usiyarudie." Huhitaji kueleza zaidi. Kama unaona ujumbe huo utamwasha, ruka hatua hii. Kutomwambia hapana hakumpi ruhusa.

7. Andika lalamiko.

Ukurasa mmoja, usizidi miwili. Hivi ndivyo ninavyopenda kuliona likifika mezani:

"Kwa Mshauri wa Wanafunzi. Yah: Lalamiko la unyanyasaji wa kingono. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Namlalamikia (jina na cheo). Matukio ni matatu: tarehe 14, tarehe 21 na tarehe 2 ya mwezi uliofuata. (Kila tukio aya moja.) Vielelezo: picha tano za skrini, nakala ya kurasa mbili za daftari. Wanaoweza kueleza walichokiona au kukisikia: (majina). Naomba: nibadilishiwe msimamizi sasa hivi, sura ya tatu isahihishwe na mhadhiri mwingine, suala lichunguzwe. Naomba nijulishwe kwa maandishi kwamba limepokelewa, na hatua inayofuata ni ipi."

Yapange kwa tarehe, la kwanza kutokea liwe la kwanza. Usichanganye na mambo mengine, hata kama ni kweli kwamba huyo huyo huchelewa kuingia darasani. Taja sera au kifungu cha kanuni kilichovunjwa kama umekiona. Hujakiona, acha, hiyo ni kazi ya kamati. Usiandike uvumi kuhusu waliokutangulia. Ukiwajua na wako tayari, kila mmoja aandike lake. Barua tatu za watu watatu zina uzito kuliko barua moja yenye sahihi tatu.

8. Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe jioni hiyo: "Leo saa fulani nimewasilisha lalamiko ofisini kwenu, naambatanisha nakala." Vielelezo halisi baki navyo, wape nakala.

9. Omba ulinzi siku hiyo hiyo.

Uchunguzi huchukua muda, na wewe bado una mtihani. Chuo kinaweza kufanya mengi kabla hakijaamua nani ana kosa: kukubadilishia kundi la semina, kumpa mhadhiri mwingine karatasi zako azisahihishe kwa namba badala ya jina, kumhamisha mtu bwenini, kumkataza mlalamikiwa asikutafute wala asimtume mtu. Ona kwamba anayehamishwa asiwe wewe daima. Nimeona binti akiondolewa kwenye bweni lake katikati ya muhula "kwa usalama wake", akaenda kupanga mbali, akaanza kukosa vipindi vya asubuhi, huku aliyemsumbua akibaki kitandani kwake. Ukipewa ulinzi wa namna hiyo, andika kwamba huukubali na useme kwa nini.

10. Siku ya kikao. Nenda na msindikizaji ikiwa kanuni zinaruhusu. Soma daftari lako usiku wa kuamkia siku hiyo. Jibu ulichoulizwa, kama hukumbuki, sema hukumbuki. Ukiulizwa ulivaa nini au kama una mchumba, una haki ya kuuliza swali hilo linahusianaje na lalamiko, na kuomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Omba mapumziko ukihitaji. Ukitoka, andika majina ya waliokuwepo na maswali yote.

11. Uamuzi na rufaa. Dai uamuzi kwa maandishi, pamoja na sababu. Siku za rufaa kwa kawaida ni chache na huhesabiwa kuanzia siku ulipopewa barua, kwa hiyo andika tarehe uliyoipokea. Kumbuka pia kwamba kiwango cha ushahidi cha kamati ya nidhamu mara nyingi ni cha chini kuliko cha mahakama ya jinai. Polisi kufunga jalada hakumaanishi chuo hakiwezi kuchukua hatua.

## Ubaguzi una ushahidi wa aina yake

Anayebagua ni nadra kukwambia sababu. Ushahidi wake mkubwa ni ulinganisho: wengine walifanyiwa nini katika hali kama yako?

Chukua mwanafunzi asiyeona vizuri anayeomba muda wa ziada kwenye mtihani. Akiomba kwa mdomo mlangoni, na msimamizi akisema "tutaona", hana kitu mkononi. Aandike ombi wiki kadhaa kabla, aambatanishe barua ya daktari, aseme hasa anachohitaji: nusu saa ya ziada, karatasi ya maandishi makubwa, kiti karibu na dirisha. Ombi lililo wazi hukataliwa kwa tabu, na likikataliwa barua ya kukataa inakuwa kielelezo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unataka mwanafunzi apatiwe marekebisho yanayofaa mahitaji yake. Hivyo haombi fadhila.

Kama ni maksi au nafasi, tafuta vigezo vilivyotangazwa, kisha weka kazi yako pembeni ya vigezo, kimoja kimoja. Kama ni kukataliwa kwenye makundi ya kazi kwa sababu ya kabila au dini, andika nani alipanga makundi, lini, na nani mwingine aliachwa. Mwanzo omba sababu kwa upole na kwa maandishi: "Naomba kufahamu vigezo vilivyotumika." Jibu litakalorudi, hata likiwa ukimya wa wiki mbili, liweke.

## Wewe unayeona, au unayesimuliwa

Ukiona linatendeka, huhitaji kugombana. Kata tu mazungumzo: "Samahani, unaitwa idarani." "Twende, tunachelewa maktaba." Mwondoe mwenzako hapo, kisha muulize anataka nini. Ukiona si salama, ita mtu mwenye mamlaka na uandike ulichokiona.

Ukisimuliwa, maneno ya kwanza ndiyo yanayobaki. "Pole. Nimekusikia. Unataka nikusaidie nini?" yanatosha. Usiseme "lakini na wewe ulifuata nini saa hiyo?" Nimekutana na watu wazima waliosikia sentensi hiyo kwa rafiki yao mwaka wa kwanza na hawakusema tena mpaka wanahitimu. Usiende kupambana na mhusika kwa niaba yake, na usipeleke habari popote bila ridhaa yake, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini.

Ukituhumiwa wewe, acha mara moja kumtafuta mlalamikaji, hata kwa kutuma wazee kuomba radhi. Hifadhi mawasiliano yako yote na ujibu kwa maandishi kupitia kamati. Una haki ya kujua tuhuma na kusikilizwa.

## Kuzuia kabla hayajatokea

Viongozi wa darasa, wiki ya kwanza wekeni kanuni tatu kwenye kundi la simu: hakuna picha ya mtu bila ridhaa yake, hakuna mzaha wa kabila, dini, mwili au ulemavu, na anayetaka kulalamika anamwendea nani. Jina na namba ya ofisi vibandikwe juu ya kundi. Mchague watu wawili wa kupokea malalamiko, mwanamke na mwanamume, kwa sababu kiongozi wa darasa mwenyewe anaweza kuwa ndiye tatizo.

Wahadhiri, mlango wa ofisi uwe wazi unapoonana na mwanafunzi, au mkutane mahali penye watu. Andika muhtasari wa kila kikao cha usimamizi na umtumie siku hiyo. Sahihisha kwa namba za mtihani. Usimtumie mwanafunzi ujumbe usiku wa manane kuhusu jambo linaloweza kusubiri asubuhi. Hayo yanamlinda mwanafunzi, na yanakulinda wewe.

Mwanafunzi, miadi ya masomo haifanyiki nyumbani kwa mtu wala chumba cha hoteli. Ukiitwa huko, jibu: "Naweza kuja ofisini kesho saa 4." Na usiposema hivyo, ukaenda, bado kosa ni lake.

## Ukikwama

Wiki mbili zimepita, kimya. Andika kukumbushia, ukitaja tarehe ya mhuri. Wiki nyingine ikipita, panda ngazi: makamu mkuu wa chuo, baraza la chuo, kisha mamlaka inayosimamia vyuo nchini kwako, tume ya haki za binadamu au chombo cha kupambana na rushwa. Kila barua iambatane na zilizotangulia.

Anayepokea malalamiko ni swahiba wa mlalamikiwa. Omba kwa maandishi ajitoe, na peleka nakala kwa mkubwa wake.

Maksi zimeshuka baada ya kulalamika. Hilo ni lalamiko jipya la kulipiziwa kisasi, lisimezwe na la kwanza. Omba karatasi isahihishwe upya na mwingine, na uambatanishe matokeo yako ya nyuma.

Shahidi amejitoa. Usimlaumu wala kumlazimisha. Muulize kama yuko tayari angalau kuthibitisha kitu kimoja kidogo, kwamba alikukuta koridoni saa hiyo.

Nilishafuta meseji. Angalia kama simu ilikuwa inahifadhi nakala mtandaoni, na kama kuna uliyemtumia picha wakati ule. Kampuni ya simu huwa na rekodi za nani alimpigia nani na lini. Polisi wanaweza kuziomba.

Nimetishwa kushtakiwa kwa kuchafua jina la mtu. Lalamiko la kweli lililopelekwa kwa nia njema kwenye ofisi husika liko salama kuliko andiko la mtandaoni. Ndiyo maana nakusihi usianzie mtandaoni. Tafuta msaada wa kisheria, vyuo vingi vyenye kitivo cha sheria hutoa bure.

Sitaki jina langu lijulikane kabisa. Unaweza kupeleka taarifa bila jina, ukijua kwamba kamati haitaweza kukuuliza swali la pili. Basi iwe na tarehe, mahali na vielelezo vingi kuliko kawaida, na isiwe na kitu ambacho wewe peke yako ungekijua.

Imeshapita miaka miwili na sikuandika chochote. Andika leo. Mwanzoni weka: "Naandika leo tarehe fulani, nikikumbuka yaliyotokea mwaka fulani." Kisha fungamanisha kumbukumbu na vitu vyenye tarehe: ilikuwa wiki ya mtihani gani, ulikuwa unakaa bweni gani, ulimpigia nani simu usiku ule. Fungua barua pepe zako za kipindi hicho, ratiba ya mihula, picha za simu. Mara nyingi siku yenyewe hupatikana.